Mzaliwa wa Mto wa Mbu

Niliwaambia wodini, nikicheka,
kwamba mimi nimezaliwa Mto wa Mbu,
mji uliopewa jina la adui yake,
basi vijidudu vyenu vya Uskoti,
vidogo kuliko nukta, vitanifanya nini?
Eilidh akanitazama kama unavyomtazama mgeni
anayepanda farasi kinyumenyume.
"Julai," akasema. "Njoo Julai."

Nikaja Julai.

Ziwa Maree lilikuwa limelala bila hata mkunjo,
mlima Slioch umechutama ng'ambo,
na upepo, mlinzi wetu tangu asubuhi,
ilipotimia saa mbili usiku, jua lingalipo,
akatia mikono mfukoni akaenda zake.

Kwanza nikadhani ni moshi.
Kisha nikadhani ni macho yangu.
Kisha moshi ukaniingia masikioni
ukaanza kuuma.

Visubi.
Mbu ana adabu zake: hupiga hodi sikioni,
hukupa nafasi ya kuandaa kofi.
Usubi habishi hodi. Usubi mmoja si kitu,
ila usubi hajui kuwa mmoja.

Nilijipiga mwili mzima, kama mama mwenye hasira
anayemchapa mtoto ambaye ni yeye mwenyewe.
Murdo, mume wa Eilidh, kigingi cha hema mdomoni,
akasema usiwapige, utachoka kabla yao.

Basi nikafundishwa.
Usivae nyeusi. Usisimame.
Zipu ya hema hufunguliwa kwa hesabu: moja, mbili, ingia,
wala usirudi kuchukua kijiko.
Moshi wa sigara ya Murdo unasaidia;
aliacha kuvuta miaka minne iliyopita
lakini Julai, anasema, haihesabiki.
Na chakula huliwa kwa kutembea,
ndiyo maana ukipita kambini Kinlochewe jioni
utawaona watu wazima na heshima zao, sufuria mkononi,
wakizunguka kama walinzi wa benki isiyokuwapo.
Nami nikazunguka. Maharage yangu yakapoa raundi ya sita.

Eilidh akanivika kofia yenye chandarua.
Akakichomeka ndani ya kola,
pande zote, taratibu, kwa vidole viwili,
na hapo, jamani, nikanyamaza.

Vidole vile navijua.
Mama alichomeka chandarua chini ya godoro hivyo hivyo,
akianzia miguuni kwa Ndeoya, mdogo wangu,
kwa kuwa yeye ndiye aliyerusha mateke usiku.
Lugha yetu imeyapa mambo mawili neno moja:
Ndeoya aliumwa, na mbu ambaye hakuna aliyemwona.
Wiki mbili baadaye Ndeoya akaumwa.
Mwalimu wa Kiswahili hakuwahi kutueleza tofauti.
Pale kwetu hapakuwa na tofauti.

"Hawa hawana ugonjwa," Eilidh akasema,
asijue amejibu nini. "Wanawasha tu."
Nikacheka ndani ya wavu, pumzi ikinirudia usoni.
Kuumwa bila kuumwa! Anasa gani hii?
Nikanyoosha mikono, nikasema kuleni,
kuleni, shibeni, hakuna atakayezikwa.

Raha yangu ilidumu hadi hemani.
Kwa mwanga wa tochi Eilidh akanikagua nyuma ya goti
akamkuta kupe, mweusi, kama mbegu ya mchicha,
amejichimbia, hana haraka.
Akamng'oa kwa kibano, wima, bila kumminya.
"Huyu," akasema, sauti imeshuka, "huyu ni mwingine."
Akachukua kalamu, akachora duara pale,
akaandika tarehe kando yake.
Wekundu ukivuka mstari, au homa ikija, twende kwa daktari.

Leo ni siku ya tisa.
Naoga nikilikwepa lile duara kwa sabuni.
Wodini najikuna mgongo kwenye fremu ya mlango
na mzee wa kitanda cha nne ananicheka.
Kila jioni napandisha suruali chini ya taa,
nausoma mguu wangu kama barua kutoka nyumbani.

Nimeumwa.
Siumwi.
Bado nahesabu.